Mkuu wa Chuo Asiyefundisha

Watu wengi hudhani ya kuwa mkuu wa askari akijua kupanga safu, amekwisha kuvijua vita. Ndivyo walivyodhani wakubwa wa Prussia, ufalme ambao mji wake mkuu ulikuwa Berlin. Safu zao zilipendeza mno kutazamwa. Hata tarehe 14 Oktoba 1806 Wafaransa wa Napoleon wakawavunja kwa siku moja, huko Jena na Auerstedt.

Kabla ya hapo Scharnhorst, mwana wa mkulima, alikuwa akiwafundisha maofisa vijana katika Berlin habari za vita vilivyopita, wala si mistari na pembe tu, wapate kuona jinsi hofu, uchovu na bahati vinavyoharibu mashauri mazuri. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Carl von Clausewitz, aliyeingia jeshini mwaka 1792, naye ni mtoto wa miaka 12. Mwaka ule wa 1806 alitekwa na Wafaransa.

Mwaka 1818 Clausewitz akafanywa mkuu wa chuo cha vita cha Berlin. Je, alifundisha? Hasha! Alipewa utawala tu; mafundisho yalikuwa ya wengine. Sisi walimu twaweza kuufahamu uchungu wa kushika funguo za shule pasipo kushika chaki. Basi miaka ile akaandika, ya kwamba vita ni shauri la serikali liendeshwalo kwa silaha, na ya kwamba jemadari huamua mambo kama mtu aendaye katika ukungu. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1831, kitabu hakijakwisha. Mkewe Marie akazikusanya karatasi, nazo zikaanza kupigwa chapa mwaka 1832.