Malezi ya lugha masomoni mote

Kuna kijitabu cha mafunzo ya walimu kinachozunguka katika baadhi ya shule za hapa Bukavu. Juu ya jalada lake pameandikwa kwa herufi nene: "Lugha Mtambuka katika Mtaala". Nimekisoma chote. Mawazo yaliyomo ni mema, na mengine ni mema sana. Kwa hiyo naumia zaidi kuona mawazo hayo yamevishwa jina linalosema kinyume chake.

Wasomaji wangu wengi ni walimu, na dhana yenyewe wanaijua: mwalimu wa fizikia naye ni mwalimu wa lugha, na wa jiografia vilevile, na wa hesabu kuliko wote. Nitashughulika na jina tu.

Jina hilo limetoka Uingereza, ambako ni Language across the curriculum. Mwaka 1969 Douglas Barnes, James Britton na Harold Rosen walitoa kitabu kuhusu lugha, mwanafunzi na shule. Mwaka 1975 kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ikatoa ripoti iitwayo A Language for Life, na sura yake ya 12 ndiyo iliyolieneza jina hilo duniani. Sasa tuangalie kihusishi across kilichomo ndani ya jina lile la Kiingereza. Kina maana mbili. Ya kwanza ni kuvuka kutoka ng'ambo hii hadi ile, kama mtu avukavyo Ruzizi. Ya pili ni kuenea mahali pote, pasibaki pembe. Bullock na wenzake walikusudia hii ya pili. Watafsiri wetu wameshika ya kwanza, kisha kila kamati ya istilahi iliyofuata ikanakili kutoka kwa iliyotangulia, bila hata mjumbe mmoja kufungua kamusi.

Wangeifungua wangeona kwamba kutambuka ni kupiga hatua juu ya kitu, kukiruka bila kukigusa. Ukitaka kuhakikisha, vuka daraja uende Rusizi, upande wa Rwanda: huko hatua huitwa intambwe, na gutambuka ni kupiga hatua kwenda mbele. Warundi nao wana intambwe. Shina ni moja, nalo linazungumzia mguu unaonyanyuliwa. Mtu anayetambuka mfereji wa Kadutu siku ya mvua anafanya hivyo ili asilowe. Basi lugha inayotambuka masomo ni lugha inayoyaruka yote na kutua ng'ambo ikiwa kavu. Huo ndio ugonjwa tunaotaka kuutibu, na kijitabu kimeuandika jaladani kama jina la dawa.

Najua nitajibiwa kwamba "masuala mtambuka" yamekwisha kukubalika Dar es Salaam na Nairobi, yamo katika hotuba za mawaziri na katika ripoti za mashirika. Ni kweli yamo. Lakini neno likishazoeleka mahali pamoja halipati haki ya kupelekwa kila mahali. Jinsia, mazingira na ukimwi vikiitwa mtambuka, msikilizaji anaelewa kwa mazoea. Lugha darasani ni jambo la namna nyingine, kwa sababu haiji kutoka nje kulitembelea somo. Somo lenyewe limefanywa kwa lugha.

Tafsiri ya pili niliyokutana nayo ni "lugha kupitia mtaala". Hii sitaijadili kwa kirefu. Kupitia mtaala, kwa Kiswahili cha kila ofisi ya elimu, ni kuukagua ili kuurekebisha. Mwalimu akisoma maneno hayo atadhani ameitwa kwenye kikao cha marekebisho. Isitoshe, neno mtaala, lililotokana na Kiarabu mutalaa, yaani kusoma kwa makini, halijashika mizizi kwetu: hapa Kivu tunasema programu. Nalo neno somo ni letu kabisa, limetokana na kusoma, na pwani somo ni pia mwanamke anayemfunda mwali mambo ya utu uzima. Neno lenye uzito huo linaachwa kwa sababu gani?

Napendekeza, kama nilivyokwisha kupendekeza kwa maandishi bila kupata hata mstari mmoja wa jibu: malezi ya lugha masomoni mote.

Nianze na mwisho wa jina, maana ubishi wote uko huko. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, pa, ku na mu. Pa huonyesha mahali mahususi, ku huonyesha eneo pana au la mbali, mu huonyesha ndani. Pwani wameviondoa mbele ya nomino na kuweka -ni nyuma yake, lakini viambishi havikufa. Vimejificha katika upatanisho: nyumbani pote, nyumbani kote, nyumbani mote, na kila kimoja kina maana yake. Sisi wa Bukavu hatukuviondoa. Tunasema mu nyumba, ku kazi, mu masomo. Mara nyingi nimesikia wageni wakisahihisha mu yetu kana kwamba ni kosa la watoto wa mitaani, na wajumbe fulani wa kamati hizo za istilahi wameifuta katika miswada yangu kwa kalamu nyekundu. Hiyo mu ni ya kale kuliko -ni yao, na sehemu kubwa ya lugha za Kibantu bado inaitumia hivyo. Mwalimu wa Bagira anayesema "mu masomo yote" ameshatoa maana kamili aliyoitafuta Bullock. Ninachofanya ni kulihamisha tamko lake katika sanifu pasipo kulipunguza: masomoni mote. Nisingekubali "masomoni kote", ingawa wengi wataona ni kitu kilekile. Kote kunataja eneo, mote mnataja ndani, na ndani ndimo tunamotaka lugha ikae.

Malezi yametoka katika kulea. Mzizi wa kale ulikuwa na konsonanti mbili. Kinyarwanda kimezihifadhi, kikasema kurera, na kutoka hapo kikapata uburezi, ambalo ndilo jina la elimu hata katika wizara yao. Kirundi kina indero. Kiswahili kimeidondosha ya pili, lakini tukisema mtoto amelelewa vizuri, konsonanti iliyodondoka inarudi. Mpinzani mmoja, msomi ambaye kwa heshima simtaji, alidai hadharani kwamba malezi ni ya nyumbani na ya shule za watoto wadogo tu, na kwamba kijana wa darasa la mwisho la sekondari halelewi. Namjibu kwamba kijana huyo, ambaye nyumbani anasema Mashi au Kilega, barabarani Kiswahili, na ambaye Examen d'État inamsubiri kwa Kifaransa, anahitaji kulelewa katika lugha kuliko mdogo wake. "Ukuzaji" ungefaa kama lugha ingekuwa mtaji wa benki. "Ulezi" nimeuacha makusudi, kwa sababu pwani ulezi ni nafaka, na sitaki shule zetu zipelekewe mbegu.

Matumizi yake si magumu. Mwalimu wa jiometri akiandika ubaoni Soit ABC un triangle rectangle en A, asimame kwenye hiyo soit. Wanafunzi huiimba miaka mingi bila kujua kwamba ni kitenzi être kilekile walichonyambulisha na mwalimu wa Kifaransa. Awaulize kwa Kiswahili inaagiza nini, nao waseme: tuchukue pembetatu ABC, yenye pembe mraba kwenye A. Kisha waandike sentensi yao kwa Kifaransa. Katika jiografia, maji ya Ziwa Kivu yanayotoka kwa Ruzizi kwenda Tanganyika yaelezwe kwa "kwa kuwa", "kwa hiyo" na "iwapo", kwanza mdomoni, ndipo daftarini.

Haraka yangu ina sababu. Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inataka lugha za taifa, au za mahali, zitumike kufundishia na pia zifundishwe kama somo. Vijitabu vya Kiswahili vitaongezeka. Istilahi zitakazoingia katika vile vya kwanza ndizo walimu watakazozeeka nazo.

Kuhusu urefu wa jina, ambao ndio pingamizi la mwisho nililolisikia: lina maneno matano, lile la Kiingereza lina manne, na hakuna aliyelilalamikia. Katika mazungumzo, malezi ya lugha yanatosha. Juu ya jalada liandikwe lote. Kijitabu kikichapishwa upya, "mtambuka" iondolewe jaladani na pia katika faharasa ya istilahi iliyo nyuma, ambamo nimehesabu makosa mengine. Niko tayari kuisahihisha faharasa hiyo yote, neno kwa neno, bila malipo, ilimradi safari hii mu yangu isifutwe.