Mdomo wa Bata Pwani ya Bwejuu

Jioni, wanawake wanapotoka pwani na mwani wao, hoteli moja hapa Bwejuu hupiga muziki laini wa saksafoni. Siku moja mjukuu wangu akaniambia, "Babu, hiyo ni ala ya Wazungu." Nilinyamaza, maana jibu langu lilikuwa refu.

Mimi saksafoni niliisikia kwanza kwenye redio ya mjomba, ambayo betri zake tulizianika juani zipate nguvu kidogo. Siku hizo bendi nyingi za bara zilijiita jazi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Jazi yenyewe ya Marekani haikuwamo sana. Lilikuwa neno la heshima, kama mtu kuvaa tai. Lakini mdomo wa bata ulikuwamo, na mjomba aliupenda kuliko gitaa.

Kipenzi chake alikuwa Verckys wa Kongo. Jina lake hasa ni Georges Kiamuangana Mateta, mzaliwa wa 1944. Husimuliwa kwamba "Verckys" ni jina la Mmarekani King Curtis lililosikika vibaya, naye akalichukua hivyo hivyo. Mwaka 1963 aliingia OK Jazz ya Franco, bendi ya magitaa. Mpuliza saksafoni katika bendi kama ile hupewa nafasi kama mgeni apewavyo kiti: akae, asizidi. Verckys alizidi. Mwaka 1969 akaondoka na kuunda Orchestre Vévé, kisha akawa na lebo yake na studio yake, na bendi za vijana kama Bella Bella na Lipua Lipua zikapitia mikononi mwake. Wengine humkumbuka kwa biashara kuliko upulizaji. Mimi naona mtu aliyechoka kuomba zamu.

Mjomba alikuwa na kaseti yake moja tu, aliyoinunua Kariakoo. Alipofariki ikawa yangu, nami kwa ujinga wa ujana nikarekodi juu yake matangazo ya mpira. Baada ya mchezo kumebaki kipande cha saksafoni, kama dakika moja hivi, kisha basi.

Verckys naye alifariki Oktoba 2022. Mjukuu aliposema lile la Wazungu, niliitoa kaseti sandukuni, nikaipangusa vumbi. Tukakaa barazani tukimsikiliza mtangazaji akipigia kelele goli la zamani, tukiingoja ile dakika.