Baiskeli, kutoka Busia hadi Juba

Wenzetu wa mashirika hutuambia kwao Uingereza watu wanaenda kazini kwa baiskeli hata mvua ikinyesha. Sawa. Lakini London hupata kama milimita 600 kwa mwaka. Juba inapita 900, na karibu yote inamwagika kati ya Aprili na Oktoba. Hapo njia ni tope tupu, breki hazishiki.

Kazi ya baiskeli huku kwetu ilianzia Busia, miaka ya 1960. Vijana walivusha wasafiri kati ya Kenya na Uganda wakiita "boda, boda!" Baadaye pikipiki ikarithi jina. Baada ya amani ya 2005 Waganda wengi wakaja nayo Juba, mpaka 2013 serikali ilipowakataza wageni kazi hiyo.

Baiskeli ikabaki kwa muuza maji na madumu yake ya lita 20, na kwa sisi wa Gorom. Kufika mjini ni kilomita 20 na kitu. Natoka saa kumi na moja alfajiri, na si bidii hiyo, naogopa jua: Machi 2024 joto lilifungisha shule nchi nzima. Kwa kuchelewa tu nimeshapoteza vibarua viwili.