Tope la Ziwa Naivasha lafichua ukame wa kale

MTALII anayepelekwa kwa mashua katika Kisiwa cha Crescent, upande wa mashariki wa Ziwa Naivasha, huonyeshwa twiga, pundamilia na viboko. Ni nadra aelezwe kwamba kisiwa hicho ni sehemu ya ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, na kwamba chini ya mashua yake mna kumbukumbu ya mvua ya Afrika Mashariki iliyo ndefu kuliko kitabu chochote cha idara ya hali ya hewa.

Kumbukumbu hiyo ni tope. Aliyejitwika kazi ya kulisoma ni mwanasayansi Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, ambaye ameyachunguza maziwa ya eneo hili kwa zaidi ya miongo mitatu. Mnamo Januari 2000, yeye pamoja na Kathleen Laird na Brian Cumming wa Chuo Kikuu cha Queen's nchini Kanada walichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoonyesha jinsi mvua na ukame vilivyopokezana katika eneo la Naivasha kwa muda wa miaka 1,100.

Swali la kwanza la msomaji huenda likawa: tope litajuaje habari za mvua?

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka humo. Maji huletwa na mito Malewa na Gilgil kutoka nyanda za juu, kisha mengine huvukizwa na jua na mengine hupenya chini ya ardhi yakibeba chumvi. Ndiyo sababu maji ya Naivasha ni matamu ilhali majirani zake, Elmenteita na Nakuru, ni maziwa ya magadi. Mvua ikikosekana kwa miaka mingi, ziwa hupungua na chumvi huongezeka. Viumbe wa majini hubadilika pia. Diatomu, ambazo ni mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho matupu, zina magamba magumu kama kioo; zipo jamii zinazopenda maji matamu na zipo zinazostahimili chumvi. Vilevile kuna mabuu wa visubi wasiouma, ambao maganda ya vichwa vyao hayaozi upesi. Wote wakifa huzama na kufunikwa na mashapo, tabaka juu ya tabaka.

Mtafiti hushindilia bomba katika sakafu ya ziwa, akalitoa likiwa limejaa tope lililojipanga kwa mfuatano wa miaka, jipya juu na la kale chini. Umri wa matabaka hupimwa kwa mabaki ya kaboni na ya madini ya risasi yenye mnururisho. Naivasha ina bahati nyingine: kina chake kimekuwa kikipimwa na kuandikwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hivyo basi watafiti waliweza kulinganisha tope la miaka hiyo na vipimo vya watu, wakajua tabaka la namna fulani humaanisha maji ya kiasi gani, kabla ya kurudi nyuma hadi nyakati zisizo na maandishi.

Kreta nayo ilichaguliwa kwa sababu. Ziwa kuu ni pana lakini halina kina kirefu, na ukame mkali huliacha likiwa kinamasi au uwanda wa vumbi, jambo ambalo huvuruga kumbukumbu. Ndani ya kreta maji hayakukauka.

Waliyoyasoma humo yanafaa kumnyima usingizi yeyote anayepanga matumizi ya maji humu nchini. Kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi, tabianchi ya eneo hili ilikuwa kavu kuliko ilivyo sasa. Kisha, hadi karibu mwaka 1850, mvua ilikuwa nyingi kwa jumla, lakini neema hiyo ilikatizwa mara tatu na ukame wa muda mrefu: takriban miaka ya 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Kila mmojawapo wa vipindi hivyo ulikuwa mkali kuliko ukame wowote uliopimwa katika karne ya 20.

Huu wa mwisho ulidumu yapata miaka 80. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa, kuzeeka na kuzikwa bila kuliona ziwa likijaa.

Watafiti hao walilinganisha tarehe zao na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria katika Afrika Mashariki, wakaona kwamba enzi zinazokumbukwa kwa njaa, misukosuko ya kisiasa na uhamaji ziliangukia nyakati za ukame, na enzi za ustawi zikaangukia nyakati za mvua. Tumezoea kuyachukulia masimulizi hayo kama hadithi za kuwatumbuiza watoto. Hapa yalithibitishwa na tope. Chanzo chenyewe cha ukame huo bado kinajadiliwa. Watafiti hao walidokeza kwamba vipindi vikavu viliambatana na nyakati ambazo jua lilitoa nguvu nyingi zaidi.

Karne ya 20, basi, ambayo ndiyo msingi wa hesabu zetu nyingi za mabwawa, visima na vibali vya maji, ilikuwa karne ya upole. Kilimo cha maua kilistawi kando ya Naivasha katika miongo yake ya mwisho. Mnamo 2009 ziwa lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 50, na wengi wakadhani linakufa. Kwa kipimo cha kreta, ule ulikuwa ukame mfupi.

Ni kweli kwamba ziwa lilikauka na kufufuka mara kadhaa kabla ya shamba la kwanza la maua. Lakini lilifufuka likiwa na kinga yake, nayo ni kinamasi cha mafunjo. Mafunjo yaliyoota pale mito inapoingia huchuja udongo na mbolea kabla ya maji kufika ziwani, na huwa maficho ya samaki wachanga na ndege. Maji yakirudi nyuma mafunjo hukauka. Yakipanda, mbegu zilizolala katika udongo huchipua upya. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mzunguko huu ulivurugwa. Ardhi iliyoachwa wazi ililimwa na kulishwa mifugo kabla mafunjo hayajaota tena. Kamba wa asili ya Marekani, walioletwa mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi, walitafuna mayungiyungi na mimea iliyo chini ya maji, na baadaye gugu maji likatanda. Naivasha iliorodheshwa mwaka 1995 chini ya Mkataba wa Ramsar kuhusu maeneo oevu, lakini sehemu kubwa ya mafunjo ilikuwa tayari imekwisha.

Kuanzia mwaka 2020 mambo yaligeuka. Ziwa lilifurika na kuingia katika nyumba za wakazi wa mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, ambao baadhi yao walilazimika kuhama. Walionunua ploti katika miaka ya ukame waligundua kwamba walikuwa wamejenga mahali ambapo ziwa hurejea.

Je, miaka ijayo italeta mvua au ukame? Katika kutafuta jibu, Profesa Verschuren aliongoza mradi mkubwa zaidi katika Ziwa Challa, kreta ndogo yenye kina kirefu karibu na Taveta, ambayo mpaka wa Kenya na Tanzania hupita katikati yake. Mwishoni mwa 2016 mitambo ilichimba zaidi ya mita 200 chini ya sakafu ya ziwa hilo na kutoa mashapo ya takriban miaka 250,000.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kutokana na mashapo ya Challa uliangazia miaka 75,000 iliyopita. Ulionyesha kwamba wakati dunia ilipokuwa baridi, ongezeko la joto lilileta unyevu zaidi katika Pembe ya Afrika. Joto lilipovuka kiwango fulani, uhusiano huo ulipinduka: joto likizidi, nchi hukauka. Mifano mingi ya kompyuta hutabiri kwamba eneo letu litapata mvua zaidi dunia inapoendelea kupata joto. Tope la Challa linasema kinyume.

Mabishano hayo hayajaisha. Wakati huohuo, wakulima wa Naivasha wanaendelea kuomba vibali vya maji, na vipimo vinavyotumiwa kuamua ni vya miaka mia moja na kitu.