Umbali wa Entebbe

Kutoka Tel Aviv hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ni kilometa zipatazo 3,500. Ndege ya abiria ya jeti huweza kuumaliza mwendo huo kwa saa tano hivi. Mwishoni mwa Juni 1976, ndege ya shirika la Air France iliyotekwa nyara baada ya kuruka kutoka Athens ilipotua Entebbe, Idi Amin na watekaji wale waliutegemea umbali huo kama ukuta. Nani angevuka Bahari ya Sham na nchi za watu ili kuwafuata mateka hadi kando ya Ziwa Victoria?

Ukuta huo ulikuwa na nyufa. Kampuni ya Waisraeli ilikuwa imeshiriki kuujenga uwanja wenyewe, na hadi Amin alipowafukuza mwaka 1972, Waisraeli ndio waliokuwa wakiwafunza marubani wa Uganda. Tena mateka walioachiliwa mapema walifika Paris, wakaeleza walinzi wanakaa wapi.

Alasiri ya tarehe 3 Julai, ndege nne za Hercules ziliruka kutoka Sharm el-Sheikh, katika Sinai iliyokuwa bado mikononi mwa Israeli. Hizo ni ndege za mizigo, za mapangaboi, na hazina haraka. Ziliruka chini mno juu ya Bahari ya Sham ili kuzikwepa rada, zikapitia anga ya Ethiopia, na baada ya saa saba na ushei ya kwanza ikatua Entebbe, yapata saa sita ya usiku. Taa za njia ya kutulia zilikuwa zikiwaka.

Ile Mercedes nyeusi iliyoigiza gari la Amin ilisimamishwa na askari wawili wa zamu. Simulizi za ushujaa wa usiku ule huwapita haraka askari hao, ingawa wao walitimiza wajibu wao, nao walipigwa risasi. Waliolala ni wakubwa wao.

Katika muda usiofika saa mbili mateka 102 walikwisha kuokolewa. Lakini mafuta yalitosha kufika, hayakutosha kurudi. Bila Nairobi, iliyo kilometa 500 na kidogo kutoka Entebbe, mpango wote usingewezekana. Bei ya mafuta yale ililipwa na Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, ambao baadhi yao waliuawa na utawala wa Amin.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliufikia uwanja huohuo tarehe 7 Aprili 1979. Kutoka Mutukula mpakani, Hercules ingeweza kufika kwa muda usiofika nusu saa. Wapiganaji walikwenda kwa miguu, kupitia Masaka na Lukaya, kwa zaidi ya miezi miwili. Walipoingia uwanjani walikuta Hercules nyingine, ya Libya, ikijaribu kuruka. Haikufika mbali.