Rudi Mwezi Ujao

Babu yangu, ambaye nyumbani tulimwita Kugo, alichechemea mguu wa kushoto miaka yote niliyomjua. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza tukienda kuteka maji huko Njoro. Nyanya alitupata siku moja, akatuchapa, tukakoma. Kugo alifariki mwaka 1999, na ni baada ya mazishi ndipo nilipoonyeshwa sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake. Wajomba walitarajia hati ya shamba. Tukakuta barua.

Zilikuwa kumi na tisa. Ya kwanza ni ya 1947, ya mwisho 1971. Zote zinahusu mguu.

Kugo aliingia Keya mwaka 1942. Keya ndiyo King's African Rifles, KAR, jinsi wazee walivyoitamka. Katika vita vikuu vya pili karibu Wakenya 100,000 walivaa sare za Mwingereza, na Wakalenjin na Wakamba walisakwa zaidi kwa sababu wakubwa walijiaminisha kwamba kuna makabila yaliyozaliwa kupigana. Ulikuwa upuzi, lakini upuzi uliojaza malori. Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa na kichwa cha kifaru kwenye bega. Kazi yao ilikuwa kuwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin, tena wakati wa mvua za monsuni, katika bonde lililojulikana kwa malaria kuliko kitu kingine chochote. Huko ndiko kipande cha kombora kilipomwingia chini ya goti.

Sasa sikiliza vizuri, maana kesi yote iko hapa. Walimtibu, akapata nafuu, wakamrudisha kazini. Si mstari wa mbele, ila stoo, kuhesabu mablanketi na mikebe. Mwaka 1946 akaachishwa jeshi pamoja na maelfu ya wengine, na kwenye cheti chake karani akajaza kwamba afya yake ni nzuri. Alipanda treni, akashuka Njoro, akanunua ng'ombe wawili kwa pesa ya kuagwa. Mwaka uliofuata mfupa ukaanza kutoa usaha.

Barua ya kwanza aliandikiwa na mmoja wa wale waandishi waliokaa na taipureta nje ya posta pale Nakuru. Kugo mwenyewe alijua Kiswahili cha jeshini tu, Kikeya, kile cha "mtu mbili" na "kitu yangu," lugha iliyotosha kupokea amri na kuomba ruhusa. Haikutosha kudai. Mwandishi akaivisha barua suti: "naomba kwa unyenyekevu mkubwa." Jibu lilikuja baada ya miezi saba, kutoka ofisi moja ambayo sitaitaja. Alete ushahidi kwamba ugonjwa wa mguu umetokana na vita.

Ushahidi gani? Rekodi za hospitali zilikuwa na jeshi. Faili ilikuwa na jeshi. Aliyejaza "nzuri" alikuwa wa jeshi. Alichokuwa nacho Kugo ni mguu, na mguu alienda nao kila mara, ukaonekana, akaambiwa arudi mwezi ujao.

Nilipoanza kusoma mambo haya chuoni nilidhani tatizo la Kugo ni uzembe wa kawaida wa serikali, ule ambao mimi na wewe tunaujua tukipanga foleni ya kitambulisho. Kisha nikasoma kilichotokea Uingereza kwenyewe mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea. Kelele zilikuwa nyingi huko kuhusu askari walemavu kunyimwa haki, na serikali ikasalimu amri. Sheria ikabadilishwa, askari asitwishwe tena mzigo wa kuthibitisha kwamba vita ndivyo vilivyomuumiza. Zikaundwa mahakama maalum za kusikiliza rufaa zao. Yaani mwaka mmoja kabla ya Kugo kuumia, Mwingereza alikuwa ameshaelewa kwamba huwezi kumwambia mtu alete karatasi ambazo wewe ndiye umezifungia kabatini. Alielewa akiwa London. Uelewa huo haukupanda treni ya kuja Njoro.

Kwa hiyo sikubali neno "ucheleweshaji" likitumika kama vile ni mvua iliyokawia. Serikali ile ile, katika nchi hii hii, ilijua kufanya haraka.

Turudi nyuma kidogo, hadi 1919, vita vya kwanza vimeisha. Nairobi, katika jumba la Theatre Royal, watu wamejaa kama siku ya mechi. Kuna bahati nasibu. Anayeitwa jina lake anachagua shamba. Huo ndio mpango wa kuwapa ardhi askari wa zamani, na kwa jumla uligawa zaidi ya ekari milioni mbili katika nyanda za juu na Bonde la Ufa. Sharti la kwanza lilikuwa uwe Mzungu. Wahindi waliopigana walifungiwa nje. Waafrika hata hawakutajwa, ingawa wapo askari wa KAR waliokuwa wamepigana tangu 1914 hadi Jenerali Lettow-Vorbeck wa Wajerumani aliposalimu amri.

Na palikuwa na mpango mwingine ndani ya huo, ambao ndio ulionifanya nisilale. Uliitwa BEADOC. Lilikuwa koloni la maofisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani: huyu hana mkono, yule mapafu yameungua kwa gesi. Walitengewa ekari 25,000 karibu na Kericho walime kitani, mmea wa kutengeneza nguo. (Kitani, si katani. Katani ni ile unayoiona ukipita Mogotio.) Vita viliisha Novemba 1918, na kufikia 1920 maofisa walikuwa wakipima viwanja. Hakuna aliyeambiwa arudi mwezi ujao.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wakipsigis, ndani ya eneo ambalo serikali ilikuwa imeshakubali kuwa ni hifadhi yao. Baba yake Kugo alichunga ng'ombe upande huo. Familia yetu ilifika Njoro kama maskwota kwenye shamba la mlowezi baada ya kukosa malisho, na hapo Kugo akakulia, na hapo gari la kuandikisha askari likamkuta. Hesabu zake ni hizi: ardhi ya babu zake ilitolewa kufidia ulemavu wa watu wengine, na ulemavu wake mwenyewe haukupata hata shilingi ya kila mwezi.

Sina kinyongo na wale maofisa, niseme ukweli. Vita vya mahandaki havikuwa mchezo, na BEADOC iliwamaliza mara ya pili. Bei ya kitani iliporomoka vibaya kabla hata hawajazoea udongo, mpango ukasambaratika, na mwaka 1925 ardhi yao nyingi ikaingia mikononi mwa kampuni ya James Finlay. Ukipita Kericho leo ukaona ile chai iliyonyooka kama zulia, ukapiga picha, kumbuka kwamba sehemu yake ilianza kama fidia ya ulemavu.

Wakati huohuo, wapagazi. Hawa ndio Carrier Corps, waliotupa jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kuanzia 1915 sheria iliruhusu kuwachukua kwa nguvu, na mshahara ukashushwa hadi rupia tano kwa mwezi. Walibeba risasi na unga kuwafuata Wajerumani hadi Msumbiji. Waliokufa kutoka Kenya pekee wanakadiriwa kuwa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Mishahara ya waliokufa au kupotea, ambayo jamaa zao hawakuja kuidai, ilibaki serikalini. Lakini jamaa angeidai vipi? Jina limeandikwa na karani asiyejua lugha, kijiji kimekosewa, chifu ni mwingine. Mkuu wa wapagazi, Oscar Watkins, alipigania pesa zile hadi wakubwa wake wakamwona msumbufu. Barua zilienda London na kurudi Nairobi hadi miaka ya 1930.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye matatu, tumekwama Lanet, na nikawaza mambo ya karatasi tu. Mtu asiye na jina kwenye orodha, mjane wake anadai kwa kutaja nani?

Lanet yenyewe ina kisa chake. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964, wiki sita baada ya uhuru, askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles walivunja ghala la silaha hapo kambini. Walikuwa wakingoja kusikia kuhusu mishahara yao, hawakusikia walichotaka. Wanajeshi wa Kiingereza waliokuwa bado nchini ndio walioitwa kuwazima, askari mmoja akafa, na baadaye kikosi kikavunjwa. Kugo, aliyekuwa akiishi safari fupi tu kutoka hapo, hakuwahi kuwalaumu wala kuwasifu. Nyanya anasema alitikisa kichwa tu, akasema, "Hao bado wana miguu miwili."

Baada ya uhuru barua zake zinabadilika sauti. Hazina tena unyenyekevu mkubwa, zina "mimi raia." Lakini majibu yanazunguka. Ofisi ya hapa inasema alitumikia serikali ya Malkia, aandike huko. Ya huko inasema wanaohusika ni wa hapa. Barua ya 1971 ndiyo fupi kuliko zote, nayo inamwomba alete nakala ya cheti chake cha kuachishwa jeshi. Alikuwa ameshatuma nakala hiyo mara nne. Juu ya ile barua, kwa kalamu ya risasi, kuna maandishi ya Kugo mwenyewe, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: BASI.

Mambo yalikuja, mimi sikatai. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 11.8 kwa ajili ya askari wazee maskini wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2019 waandishi wa habari wakaanika nyaraka zilizoonyesha kwamba pesa ya kuagwa iliyolipwa mwaka 1946 ilipangwa kwa rangi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Nilipiga hesabu ya ng'ombe wawili wa Kugo. Wangekuwa sita. Lakini yeye alikuwa amelala kaburini miaka ishirini, na wenzake waliobaki hai walikuwa na miaka tisini na ushei. Kungoja huku kunapunguza bili kwenyewe. Kila mwaka wa ziada ni wadai wachache.

Nilidhani hii ni historia. Halafu binamu yangu akarudi kutoka Somalia na sikio moja lisilosikia na kichwa kinachomwamsha usiku akipiga kelele. Alistaafu mapema. Tunayo Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, ameichapisha, ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu, anaitembeza kwenye bahasha. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye ofisi moja Nairobi. Tuliondoka Nakuru saa kumi alfajiri ili tuwe wa kwanza kwenye foleni, tukawakuta watu thelathini, wengine wamelala hapo na magongo yao.

Msichana wa dirishani alikuwa mpole, hata alimwita binamu yangu "afande." Akapekua fomu, akauliza iko wapi karatasi ya daktari wa kambini, ya siku ile bomu lilipolipuka. Binamu akamwambia kambi ile iliungua. Msichana akafikiria kidogo, akaandika kitu pembeni ya fomu, akairudisha chini ya kioo. Binamu aliinamisha lile sikio zima ili amsikie vizuri.

Turudi tarehe kumi na nne.