Steini, au Rangi ya Kukoleza Mbao

Ukiagiza kabati kwa mafundi wa Moi's Bridge, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kuna swali utakaloulizwa kabla hata ya kutajiwa bei: "Unataka mahogani ama mvule?" Mgeni hudhani anachaguzishwa mti. Mwenyeji anajua anachaguzishwa rangi. Mti wenyewe uliamuliwa zamani: ni saipresi, au paini, au mkaratusi uliokatwa kwenye shamba la jirani.

Kinachoivika saipresi sura ya mahogani ndicho mafundi hukiita steini. Kamusi za Kiingereza kwa Kiswahili hulifasiri neno lake la asili, stain, kwa doa au waa, na kwa nguo iliyomwagikiwa chai tafsiri hiyo inatosha. Lakini sijasikia fundi akimwahidi mteja kuijaza meza yake madoa. Vitabu vingine husema "rangi ya mbao", nako ni kupotea kwa njia ya pili, kwa sababu rangi ya kopo, ile ya dukani kwa mwenye hadiwea, kazi yake ni kufunika. Steini haifuniki. Inaingia ndani, na nyuzi za mbao zinabaki kuonekana.

Kiswahili kina uwezo wa kutenganisha mambo haya bila kuazima. Kupaka ni kwa juu. Kutia ni kwa ndani. Kuna na kitenzi cha tatu, kukolea, ambacho hutaja yale yanayotokea baada ya mkono wa mtu kuondoka. Hina hupakwa, lakini bibi harusi husifiwa kwa sababu imekolea. Kwa hiyo kopo na liendelee kuitwa steini, jina limeshazoeleka. Ila kazi yenyewe ningeiita kukoleza mbao, na kimiminika chake, pale maandishi yanapodai neno rasmi, rangi ya kukoleza.

Kukoleza kwenyewe ni kwa aina mbili. Ya kwanza hutumia unga laini wa rangi, mara nyingi udongo wenye chuma, uliochanganywa na mafuta au thina. Chembe zake hukwama kwenye vitundu na mikwaruzo ya msasa. Ya pili ni rangi iliyoyeyuka kabisa, ambayo huzama kwenye nyuzi zenyewe. Wapo pia wanaotumia pamanganeti ya potasiamu: ni zambarau kwenye maji, hugeuka kahawia ikigusa mbao, na hupauka ikiachwa juani.

Paini ndiyo inayomsumbua fundi kuliko zote. Kila pete ya ukuaji ina sehemu laini nyeupe na sehemu ngumu yenye rangi nzito. Steini hunywewa zaidi na ile laini, hivyo palipokuwa peupe panakuwa peusi, na mistari ya mbao inageuka kinyume. Hapo ndipo "mahogani" nyingi hujifichua. Mahogani ya kweli ya Afrika, mkangazi, ambayo Kenya huipata kutoka Uganda na Kongo, ina vitundu vilivyotawanyika ubaoni. Paini na saipresi hazina vitundu kabisa, na hakuna steini inayoweza kuvitoboa. Fundi mjuzi hupitisha kwanza sila, yaani dawa ya kuziba mbao, iliyozimuliwa kwa thina, ili sehemu laini isinywe kwa pupa, na huongeza mkono kwenye ncha za mbao, kwa kuwa huko ndiko kiu ilikozidi. Gundi iliyochuruzika ikasahaulika haishiki steini hata kidogo. Inaacha baka jeupe ambalo mteja huligundua siku ya kuja kuchukua.

Mkaratusi unaiga vizuri zaidi. Una vitundu, na kwa asili una wekundu, kwa hiyo unahitaji kusukumwa kidogo tu. Ubaya wake ni kupinda na kupasuka ukikaushwa kwa haraka. Grevilea, ambayo Wakikuyu huiita mukima, ina madoa yanayometameta kwenye ubao uliopasuliwa kuelekea kiini; ukiikoleza kwa steini ya mvule itakuwa nzuri, lakini haitakuwa mvule machoni pa anayejua. Miti hii yote ni wageni: saipresi na paini tunayoipanda asili yake ni Mexico, mkaratusi na grevilea Australia. Mji wa Moi's Bridge nao uliwahi kuwa na jina la kigeni, Hoey's Bridge, la mlowezi aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Tangu serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, kwanza kwa siku 90, kisha kwa miaka hadi tangazo la kuondoa zuio hilo mwaka 2023, mbao za mashambani zilizidi kutegemewa, na steini pamoja nazo.

Kaunti hii ya Uasin Gishu ina historia yake ya kukoleza. Miwati ilipandwa kwa wingi na kampuni ya EATEC, iliyokamua tanini ya magome yake mjini Eldoret kwa ajili ya kulainisha ngozi. Tanini ikikutana na chuma kilicholowekwa kwenye siki, mbao huwa nyeusi tii. Ndivyo mti wa kawaida unavyofanywa uonekane mpingo. Msumari wenye kutu kwenye ubao mbichi wa muwati hufanya kemia ileile bila kuombwa, na hapo, nakubali, neno doa liko mahali pake.

Juu ya steini huja vanishi, na pwani yetu iliijua malighafi yake zamani. Sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini kwenye pwani ya Mrima, ulisafirishwa kupitia Zanzibar hadi Salem, Marekani, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Huko ulisafishwa, ukatengenezewa vanishi.

Kuiga si kosa, mradi kitajwe kinachoigwa. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumweleza mnunuzi bidhaa kwa uongo, na risiti iliyoandikwa "kabati la mahogani" kwa kitu cha saipresi inasema uongo. "Saipresi iliyokolezwa kimahogani" ni ndefu, lakini ni kweli.

Na mbali na zile aina mbili za kukoleza, kuna kitu cha tatu ambacho hakistahili jina hilo: vanishi iliyokwisha kuchanganywa na rangi. Mafundi huipenda kwa sababu inaficha mabaka yote kwa mkupuo mmoja. Rangi yake imekaa kwenye ngozi ya vanishi, si ndani ya mbao. Ufunguo ukiikwaruza, weupe wa saipresi unachungulia, na kiraka chochote utakachoongeza huonekana cheusi kuliko jirani yake, kwa kuwa sasa kuna tabaka mbili. Tiba ni kukwangua ubao mzima kwa msasa na kuanza upya.